Niliishi Doha na bastola kiunoni bila mtu kujua, mpaka siku Kemunto aliponikumbatia Al Sadd

Wakuu, heshima zenu.

Mimi humu ni msomaji tu, miaka mingi. Nasoma, nacheka, nalala. Lakini juzi kuna jamaa aliweka picha ya bastola yake mezani kando ya chupa za bia, akajisifu ana leseni, na watu wakampigia makofi. Nikashindwa kunyamaza.

Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine nimeyaacha. Sijaongeza chumvi, na mahali nilipokosea nitasema nilikosea.

Nilikuwa Qatar kuanzia 2011 hadi 2016. Nilienda kama walinzi wengine wote, nikaanzia Industrial Area, kwenye kambi za wafanyakazi, tukiwa wanane chumba kimoja, basi la kampuni asubuhi, basi la kampuni jioni. Kazi ilikuwa kusimama mlangoni na redio. Hakuna silaha. Kwa hiyo wale wanaotaka kuniambia "Doha walinzi hawabebi bunduki," mko sawa kabisa. Wengi hawabebi.

Mimi nilichukuliwa na nyumba moja ya mfanyabiashara wa vito. Mzee wa makamo, mpole, sote tulimwita Baba. Alikuwa akisafiri na mawe ya thamani kutoka duka hadi duka, na aliwahi kuvamiwa nchi nyingine. Nyumba yake ilikuwa na kibali maalum. Kibali kilikuwa cha kazi, si changu. Asubuhi natia sahihi, natoa bastola kwenye sefu. Jioni natia sahihi, narudisha. Nje ya kazi mimi ni Barasa wa Bungoma, mikono mitupu.

Mkuu wetu alikuwa Mganda, Hajj Musa, mwanajeshi mstaafu kutoka Jinja. Tulimwita Afande. Alikuwa anaendesha gari, mimi nakaa kando yake, na kila siku ni mmoja tu kati yetu aliyebeba, kwa zamu.

Siku ya kwanza nilidhani atanipeleka uwanjani kupiga shabaha. Hapana. Alinikalisha jikoni akanipa chai.

"Sikiza, Barasa. Hiyo kitu iko kama jipu kwa paja. Wewe peke yako ndiyo unajua iko. Hauishiki-shiki mbele ya watu, hauongelei kwa meza, na mtu akiigusa, ujue umekaa vibaya."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wiki mbili nzima alinifundisha mambo ambayo kama hujawahi kubeba huwezi kuyafikiria. Nguo, kwa mfano. Shati pana kidogo, la kitambaa kizito, lisilopepea upepo ukivuma. Kitu kikianguka chini huinami, unachuchumaa mgongo ukiwa umenyooka, la sivyo chuma kinajichora kwenye shati kila mtu anakiona. Usirekebishe mkanda kila mara. Hiyo ndiyo inawauza wengi, vile vidole kurudi kiunoni kila dakika kama mtu mwenye upele.

Mkahawani unakaa upande wako wa kulia, wenye bastola, ukiwa ukutani. Kumbuka kule wanaume wanasalimiana kwa kukumbatiana na kugusana pua, kwa hiyo unajifunza kutanguliza bega la kushoto na kunyoosha mkono mapema ili mtu abaki mbali kidogo. Huingii nayo nyumba ya mtu bila mwenye nyumba kujua. Huingii nayo msikitini wala kanisani. Ijumaa zamu ya kubeba ikiwa yake, Afande alimfikisha Baba mlangoni pa msikiti, akarudi kwenye gari, yeye akaja kuswali adhuhuri yake nyumbani baada ya kuirudisha.

Kuhusu ugomvi alisema hivi: "Siku umebeba, makosa yote ni yako. Mtu akikutukana mama, sema pole. Akikusukuma, rudi nyuma. Wewe ndiye unajua hiyo ugomvi inaweza kuishia wapi. Yeye hajui."

Na nilitukanwa, wakuu. Kwenye roundabout moja kijana alituchomekea, kisha akashuka akaja kunifokea dirishani na kunipiga kofi begani. Nikasema pole. Moyoni nilikuwa nachemka. Lakini nilishangaa kitu: ukiwa na silaha na una akili, unakuwa mtu mpole kuliko wote barabarani.

Sasa tuje kwa Kemunto.

Kemunto ni Mkisii, nesi. Tulikutana kwenye ibada, Ijumaa, maana kule Jumapili ni siku ya kazi. Msichana mwenye maneno machache na kicheko kikubwa. Tukaanza kuongea kwa simu, chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, hapa na pale. Aliniuliza nafanya kazi gani.

Nikasema, "Dereva."

Hapo ndipo nilipokosea. Afande alinifundisha kunyamaza, hakunifundisha kudanganya. Ningeweza kusema "mimi ni mlinzi wa nyumba moja, siwezi kueleza zaidi." Ingetosha. Lakini dereva ilikuwa rahisi, na nikaiendeleza miezi saba. Nikaongezea hadithi za gari kuharibika na bei za tairi. Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa kumi jioni hivi, mtaa wa maduka wa Al Sadd. Baba alikuwa ndani ya duka la mteja wake. Mimi nilikuwa nje, najifanya naangalia saa za mkono kwenye kioo. Afande ndani ya gari, mita kumi hivi.

Kemunto alikuwa off na wenzake wawili, wananunua viatu. Akaniona kabla sijamwona. Akanyata, akanikumbatia kutoka nyuma, mikono yote miwili kiunoni.

Mkono wake wa kulia ulitua juu ya bastola.

Nilihisi mwili wake ukikakamaa. Kicheko kilikatika katikati. Nikaushika mkono wake taratibu, nikautoa.

"Barasa," akasema kwa sauti ya chini sana. "Hiyo ni nini?"

"Niko kazini. Tafadhali."

"Kazi ya udereva?"

Wenzake walikuwa wanacheka nyuma yetu, hawajui lolote. Angeweza kupiga kelele. Mtaa umejaa watu, neno moja tu la kelele na ingekuwa polisi, Baba aibu, na mimi na Afande kwenye ndege ya kurudi. Hakupiga kelele. Aliniangalia kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani ikiungua, akageuka, akawaambia wenzake, "Twendeni."

Baba akatoka dukani. Ikabidi nimgeuzie Kemunto mgongo, nimfungulie Baba mlango.

Jioni, baada ya kutia sahihi, nikamfuata Afande.

"Afande, leo nimeguswa."

"Niliona. Alipiga kelele?"

"Hapana."

"Basi huyo mwanamke ana nidhamu kuliko wewe. Ulimwambia unafanya kazi gani?"

Nikamwambia.

"Mimi nilikwambia ufiche bunduki," akasema. "Sikukwambia ujifiche wewe."

Wakuu, hilo neno liliniuma kuliko kofi la roundabout.

Kemunto hakushika simu wiki tatu. Nilitaka kumwandikia ujumbe mrefu, Afande akanikataza, akasema jambo kama lile haliandikwi kwenye simu. Nikawa sili vizuri. Nilijua anachofikiria: kwamba mimi ni jambazi, au nauza vitu, au nimetumwa na watu wabaya. Na kwa miezi saba ya uongo, ningemlaumu vipi?

Mwishowe Afande alinipeleka kwa Baba. Nilijua nitaondolewa. Nikaeleza kila kitu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, Afande akinisaidia. Nikaomba ruhusa ya kumwonyesha mtu mmoja kitambulisho cha kazi.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja.

"Unataka kumuoa?"

Hilo sikuwahi kujiuliza hata mimi mwenyewe. Lakini jibu lilitoka lenyewe. "Ndiyo, Baba."

"Khalas," akasema, yaani imetosha. "Ndoa haianzi na uongo. Nenda umwambie."

Afande ndiye aliyempigia simu Kemunto, akajitambulisha kama mzee wangu. Kemunto akakubali kuonana nasi Al Wukair, karibu na alikokuwa anaishi, kwenye kijimkahawa cha chai, Ijumaa mchana. Alikuja peke yake. Hakuketi mpaka alipouliza:

"Uko nayo?"

"Hapana. Nikitoka kazini inabaki kwenye sefu. Hata nikitaka, sina ruhusa."

Akamwangalia Afande. Afande akasema, "Hata mimi, dada. Leo tumekuja na midomo tu."

Nikamwonyesha kitambulisho. Nikamwambia kazi yangu yote, na kwamba nilimdanganya, na kwamba hakuna aliyenituma nimdanganye. Akasoma kile kitambulisho pande zote mbili, hata ule upande wa Kiarabu ambao hawezi kuusoma. Kisha akaanza kuongea, akiangalia kikombe.

"Mjomba wangu alikuwa na bastola. Na leseni, kila kitu. Kwa sherehe tulikuwa tunachoma mbuzi, akaitoa ili watu waione. Akampa kaka yangu aishike. Akasema haina risasi."

Akazungusha kikombe.

"Ilikuwa nayo. Ilimpiga paja. Mimi ndiye nilimfunga na leso mpaka hospitali. Nilikuwa form three. Kaka anatembea, lakini mpira hakucheza tena. Ndiyo nikasomea unesi. Sasa wewe unaniambia ni halali. Ya mjomba pia ilikuwa halali, Barasa."

Chai ikapoa. Afande ndiye aliyesema, taratibu:

"Pole sana, dada yangu. Mjomba alikuwa na leseni ya bunduki. Hakuwa na adabu ya bunduki."

Kemunto akasimama. Akanishukuru kwa kusema ukweli. Akasema, "Nitafikiria." Akaenda.

Nikajua imekwisha. Wanawake wa kwetu wakisema nitafikiria, unajua.

Kama mwezi mmoja baadaye, tukiwa njiani na Baba, akaanza kushika kifua. Jasho likimtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Afande akakata kona, tukaelekea hospitali iliyokuwa karibu zaidi. Ilikuwa anakofanya kazi Kemunto, lakini sikufikiria hilo hata kidogo.

Wakamtoa Baba kwenye gari wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Alikuwa amenishika mkono wa shati, hataki kuniachia. "Barasa, ingia nami. Ingia."

Na siku ile mimi ndiye niliyebeba.

Wakuu, ule mlango sitausahau. Mzee aliyenilisha, aliyeniambia niende nikaseme ukweli, ananishika akidhani anakufa, ananiomba niingie. Pale hospitali hakuna aliyejua nina nini kiunoni. Ningeingia tu. Lakini mle ndani kuna wagonjwa, kuna mitungi ya oksijeni, kuna manesi watakaonisukuma na kunigusa huku na huku. Huingii nayo.

Nikavifungua vidole vyake kimoja kimoja. "Baba, siwezi kuingia. Unajua kwa nini. Afande anaingia nawe. Mimi niko hapa nje, siondoki."

Nilipoinua macho, nesi aliyekishika kile kitanda upande wa pili alikuwa Kemunto. Alisikia. Akaniangalia kiunoni, akaniangalia usoni, kisha akasukuma kitanda, wakaingia.

Afande akanirushia funguo. Nikaegesha gari nje kabisa, nikakaa ndani na milango imefungwa. Nilikaa masaa mawili. Niliomba kwa Kiluhya, Kiswahili na Kiingereza, nisiache lugha yoyote nje.

Kisha mtu akagonga kioo. Kemunto, na chupa mbili za maji baridi.

"Baba yako yuko sawa. Moyo, lakini wamewahi. Anakuulizia."

"Asante Mungu."

Akanipa maji. Akasimama pale juani na sare yake. Kisha akasema, "Kesho kutwa niko off."

Basi.

Baba alipona, na alikuja kutulia zaidi, safari zikapungua. Mkataba ulipoisha sikuongeza. Tulifunga ndoa nyumbani, Afande akaja kutoka Jinja na kanzu nyeupe, akakaa upande wa wazee wangu. Sasa tuko Bungoma, nina duka la vifaa vya maji, yeye yuko hospitali ya hapa. Nimeulizwa mara kadhaa kwa nini siombi leseni na uzoefu ninao. Sina haja. Kama ningekuwa na haja, ningeomba, na hakuna mtu kijijini angejua isipokuwa mke wangu.

Nilichojifunza ni hiki. Serikali inakupa karatasi. Adabu unaitafuta mwenyewe, na ni ya kila siku: unavyokaa, unavyonyamaza, unavyoomba msamaha kwa mjinga. Kuficha silaha ni heshima kwa watu wanaokuzunguka, wasiishi na hofu yako. Lakini mtu wa ndani, mtu anayekukumbatia, mwambie kabla mkono wake haujafika. Usimpe siri za kazi. Mpe ukweli unaomtosha.

Na yule jamaa wa picha ya bia, ndugu yangu, sina ubaya nawe. Itoe hiyo kitu mezani.

Wenye leseni humu, hebu tuambieni: nani nyumbani anajua? Na wewe ambaye uliwahi kugusa au kuona bila kutarajia, ulifanyaje? Matusi pia nayapokea, nilishazoea kusema pole.

Kemunto yuko hapa nyuma yangu anasoma nikiandika. Anasema nirekebishe jambo moja: hayakuwa masaa mawili, yalikaribia matatu. Anajua, kwa sababu alikuja dirishani mwa hospitali mara nne kuangalia kama bado niko nje.