Noted with Thanks ya Mzee Adelard

Mtoni nzima, kuanzia wauza mitumba wa pale barabara ya Kilwa hadi akina mama wa jumuiya, walijua kwamba Mzee Adelard ukimwambia jambo lolote chini ya jua atakujibu kwa maneno matatu ya Kiingereza: "Noted with thanks." Kuku wake wamefukua mchicha wako? Noted with thanks. Maji yanakatika kesho mpaka Ijumaa? Noted with thanks. Siku moja jirani alimwambia kwa hasira kwamba ni mzee asiye na maana. Mzee Adelard akainamisha kichwa kidogo, kama anayepokea bahasha, akasema noted with thanks. Jirani akaishia hapo hapo na mdomo wazi. Utagombanaje na mtu aliyekushukuru?

Mtaa nao uliliokota neno. Brightson wa bodaboda, abiria akimwambia asikimbize pikipiki, hujibu "noted with thanks" huku anaongeza moto.

Neno lenyewe lilitoka ofisini. Kwa miaka thelathini na minne Mzee Adelard alikuwa karani wa masjala. Barua ilikuja, akaipokea, akaigonga muhuri wa tarehe, akaitia kwenye jalada, akaipeleka kwa mkubwa. Mwenye ndiyo na mwenye hapana ni mkubwa. Karani akiulizwa, jibu lake ni kwamba imeonekana, na asante. Enzi hizo masjala ilinuka vumbi na gundi, feni ilizunguka kama inalazimishwa, na mtu akitafuta barua ya miaka kumi nyuma Adelard alikuwa hafungui hata daftari. Alifumba macho, akasema, "Kabati la tatu, rafu ya chini, jalada lenye doa la chai." Na aliyeimwaga hiyo chai alimjua kwa jina. Siku hizi vijana kwenye magrupu ya simu wanaandika "noted" bila hata thanks, na yeye akiona hivyo anaumia kama aliyekutana na mtu kavaa tai bila shati.

Aliyeweza kuishi na neno hilo ni mkewe, Sesilia, Mmatengo wa Mbinga aliyejaliwa mdomo wa kuwatosha watu wawili, jambo lililofaa, kwa kuwa mumewe hakutumia wake. Siku alipomwambia ana mimba ya kwanza, Adelard alikuwa anavua viatu. Akasema, "Noted with thanks," akaendelea na kiatu cha pili. Sesilia alilia jikoni mpaka mboga ikaungua. Kesho yake jioni watu wa mtaani wakamwona karani anakuja kwa miguu kutoka Tandika, tai shingoni, kitanda cha mtoto kichwani, beseni mkono mmoja na doti mbili za kanga kwapani. "Toka siku hiyo nikaanza kumsoma," Sesilia alikuwaga anawaambia wenzake. "Akilisema huku anakutazama, ni ndiyo. Akilisema huku anatazama mlango, ni hapana. Akilisema huku anajikuna sikio, anaogopa."

Basi huo ukawa ndio utaratibu wa nyumba ile. Watu walimweleza mzee shida zao sebuleni, wakapewa noted with thanks yao, wakapita uani kwa mama kuchukua jibu. "Mama, amesemaje?" "Amekubali, lakini anunuliwe soda." Mambo yakaenda hivyo miaka na miaka, mpaka Sesilia alipofariki, sasa ni mwaka wa tatu, na watu wakaendelea kupita uani kwa mazoea, wakakuta jiko halina mtu.

Nyumbani alibaki na Demetria, kitinda mimba wake, muuzaji wa duka la dawa pale njia panda. Na ndipo ikaja barua ya posa.

Ililetwa na mshenga, fundi viatu mmoja mzungumzaji anayeitwa Isack, ikiwa imefungwa kwenye leso nyeupe. Kijana ni Lusungu, fundi umeme wa Wazo, mtoto wa watu wa Tukuyu. Mzee Adelard aliifungua leso kwa adabu, akaisoma barua mara mbili, akaingia chumbani, akatoka na karatasi. Wiki iliyofuata watu wa Wazo wakapokea majibu ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kujibiwa tangu posa zianze: juu kuna kumbukumbu namba, chini yake YAHUSU: POSA, halafu, "Tafadhali rejea barua yenu ya tarehe kumi na mbili. Imepokelewa. Noted with thanks." Sahihi. Na muhuri. Muhuri wa tarehe alikuwa bado anao.

Ukoo wa Lusungu ulikaa kikao juu ya karatasi hiyo. Mmoja akasema ni ndiyo, maana kashukuru. Mwingine akasema ni hapana ya kisomi. Wakasubiri. Wiki tatu zikapita.

Alhamisi Isack akarudi Mtoni, safari hii bila tabasamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, mie nimechoka. Kule nasemwa kwamba sijui kazi. Wamesema hivi: mpaka Jumapili hawajasikia neno, wanachukua leso yao na mambo yaishe."

Mzee Adelard akajikuna sikio. "Noted wi—"

"Usilimalize!" Isack akasimama. "Nakuomba kwa heshima zote, ukilimaliza hilo neno naondoka na leso sasa hivi. Nitawaambia nini wale watu? Kwamba umekataa mtoto asiolewe, au umekubali kimoyomoyo?"

Mzee akatazama mlango. Isack akaondoka anasonya, na leso ikabaki mezani.

Demetria alikuwa anayasikia yote akiwa uani. Aliingia na sahani ya chakula, akaitua mbele ya baba yake, hakutoka.

"Baba, hujampenda Lusungu?"

Baba yake akaisogeza sahani kando.

"Kama hujampenda sema. Mie nina miaka thelathini na moja, sitakufa. Ila mama alivyokuwepo nilikuwa naenda kumuuliza yeye ulichomaanisha. Sasa nikamuulize nani?"

Akachukua leso mezani, akaikunja vizuri, akairudisha pale pale, akaenda kufua.

Mzee Adelard hakula. Kijana alimpenda, hilo halikuwa na shida. Kijana aliwahi kuja kutengeneza swichi ya sebuleni, akafuta kwa shati lake alama za vidole alizoziacha ukutani, na mtu wa namna hiyo unampa hata nyumba. Shida ni kwamba akisema ndiyo, Demetria ataondoka kweli. Barua ikiwa bado iko kwenye jalada, hakuna kinachotokea. Hilo analijua kila karani.

Halafu akakumbuka chumba cha kupanga cha Temeke, miaka ile, godoro moja na sanduku la bati. Yeye, Mhaya wa Kamachumu, alikuwa amepeleka posa Mbinga, kwa watu wasiomjua wala kumwelewa, na akasubiri miezi minne. Kila asubuhi masjalani alizipekua barua za ofisi nzima kabla ya kuzigonga muhuri, akitafuta muhuri wa posta wa Mbinga. Alikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Alikuwa hajayawazia mambo hayo kwa muda mrefu. Akamfikiria yule fundi umeme huko Wazo, anavyoamka na kutazama simu.

Jumamosi asubuhi akavaa kaunda suti yake ya kijivu, akaiweka leso mfukoni, akatoka bila kuaga. Sasa hapo ujue: baba wa binti haendi mwenyewe kwa upande wa kiume kujibu posa. Kuna mshenga, kuna wajomba, kuna utaratibu. Wajomba wa Mbinga wakisikia watamwita kikaoni. Lakini akaenda. Kutoka Mtoni mpaka Wazo ni kulikata jiji zima kutoka kusini hadi kaskazini, daladala hadi daladala, kisha kipande cha mwisho kwa miguu, na alipofika viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

Mama yake Lusungu alikuwa kibarazani anachagua mchele. Alipomwona mzee getini, na ncha ya leso inachungulia mfukoni, akauweka ungo chini. "Baba Lusungu," akaita kwa sauti ndogo, "njoo. Mwenye binti amekuja mwenyewe kuirudisha."

Mzee Daniel, baba wa kijana, akatoka anafunga vifungo vya shati. Wakasalimiana. Hakuna aliyekaa.

"Kuhusu barua yenu ya tarehe kumi na mbili," Mzee Adelard akaanza, akakwama. Akatazama viatu vyake. Kisha akawatazama wao. "Nimekubali. Kijana amuoe binti yangu."

Mama Lusungu akapasua kigelegele mpaka kuku wakaruka ukuta.

"Mama, sijamaliza," akasema Mzee Adelard, mkono juu. Kigelegele kikakatika katikati. "Huyo mtoto ndiye anayeniuliza kama nimekula. Hakuna mwingine pale. Nilikuwa naogopa, ndiyo maana nimechelewa. Mnisamehe. Basi, nimemaliza."

Mzee Daniel ndiye aliyevuta kiti. "Kaa, mkwe. Umetembea sana."

Akampigia simu mwanawe, naye akampigia Demetria, na baada ya dakika mbili Demetria akapiga kwa baba yake. Mzee alisikia tu mteja dukani anauliza kwa ukali dawa ya mafua ni ipi, anauliza tena, hajibiwi, na muuzaji anapenga kamasi.

"Mhudumie mteja, mwanangu," akasema, akakata.

Ndizi zikaletwa, zimepikwa na nyama, zinafuka. Akaonja, akatafuna polepole, kama mtu anayesoma barua yenye makosa.

"Hizi ni za Tukuyu?"

"Za Tukuyu kabisa," akasema mama Lusungu.

"Mama, usinielewe vibaya. Kwetu Kamachumu ndizi kama hizi tunamwekea mgeni tunayetaka awahi kuondoka."

Mzee Daniel akacheka mpaka akakohoa. Mama Lusungu akaangalia sahani ya mgeni, ambayo ilikuwa tupu, akamwongezea bila kuuliza. "Haya. Jumapili ijayo uje nikupikie nyingine, uzitukane vizuri. Utakuja au huji?"

"Nitakuja," akasema Mzee Adelard. "Saa ngapi?"