Dakika Ishirini Chumbani kwa Bibi

Corinne Haugen aliwafundisha binti zake nyumbani miaka saba, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Nyumba yao na yangu zinatazamana ng'ambo ya shamba la alizeti, huku Dakota Kaskazini, Marekani, na penye tambarare tupu namna hii jirani hata asipotaka atajua wenzake wanaamka saa ngapi.

Waliamka saa kumi na mbili. Marit, mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, aliwapelekea kuku chakula na maji ya moto, kwa kuwa ya baridi yangeganda kabla hawajanywa. Mdogo wake Tove, wa miaka tisa, alikoroga uji. Wakishakula, vyombo vilisukumwa pembeni na meza ileile ikawa darasa: hesabu kwanza, kisha kuandika, kisha Corinne aliwasomea kwa sauti huku wao wakifuma au wakichora. Saa sita walikunywa supu. Halafu walitoka nje, hata theluji ikiwa magotini, na wakirudi kila mmoja alishika kitabu chake na nyumba ikanyamaza saa nzima. Baba yao, Verlyn, akiingia wakati huo alivua buti mlangoni na kunyata.

Mwezi wa kumi na moja mama yake Verlyn, Bibi Ardis, aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali walimleta kwao, wakampa kile chumba cha kushonea kilicho karibu na jiko. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na habari ya watoto kusomeshwa jikoni haikuwahi kumwingia akilini. Hakugombana na mtu. Alikuwa na namna yake ya kuchoma taratibu. Asubuhi ya kwanza alijikokota na fremu yake ya kutembelea mpaka mlangoni, akaitazama meza yenye makombo.

"Hapa kengele inalia saa ngapi?"

"Uji ukiisha, Mama," Corinne akajibu.

"Kumbe anayekula polepole ndiye mwalimu mkuu."

Tove alicheka mpaka uji ukampalia. Tangu siku hiyo saa ya kimya alihamia kwa bibi yake na kitabu chake. Wiki ya tatu Ardis akamwomba amsomee. Tove akasoma hadithi ya mbweha aliyehamia ghalani, akiigiza sauti za wanyama, akitua panapostahili kutua. Bibi alifumba macho kwa raha. Alipoyafumbua, mtoto alikuwa anamalizia hadithi, ilhali kitabu kilikuwa wazi katikati. Alimpa kichupa cha dawa, akamwomba amsomee maandishi yake. Tove akakitazama muda mrefu, kisha akasema anasikia mama anamwita.

Mama hakuwa amemwita.

Jioni, Corinne akiosha vyombo, Ardis alikuja akaketi karibu naye.

"Tove hajui kusoma," akasema. "Amekariri. Dada yake akisoma, yeye anameza."

Corinne aliendelea kusugua sufuria. Alisema kila mtoto ana majira yake, hata Marit alichelewa.

"Marit alichelewa. Huyu anajificha. Ni vitu viwili."

Corinne alifuta mikono, akaenda bandani kumsaidia mumewe na ndama, ingawa hapakuwa na ndama aliyehitaji msaada. Baadaye aliniambia kwamba hakuumizwa na maneno ya mkwewe. Alikuwa anajua. Tangu kiangazi alimwona Tove akifuata midomo ya dada yake badala ya ukurasa, akajiambia atalishughulikia baada ya mavuno, na mavuno yakapita. Aliogopa kwamba akilitamka, wote waliowahi kumtikisia kichwa kanisani kwa kusomesha watoto nyumbani watakuwa wamepatia.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza, hapakuwa na masomo. Corinne alikanda mkate, akafagia ngazi mara mbili, na karibu na adhuhuri akabisha hodi kwa mkwewe, unga ukiwa bado mikononi.

"Mama, sijui nimfundishe vipi. Nisaidie."

Ardis alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hilo hakulitarajia. Alimwambia aketi kitandani.

"Darasani nilikuwa na watoto ishirini na wanane. Kila mwaka alikuwepo mmoja kama Tove, mchangamfu, anachekesha wenzake. Nilimpandisha darasa, na mwalimu wa mbele naye akampandisha. Mwaka juzi nilimkuta mmoja wao dukani, mtu mzima na ndevu zake, ananiomba nimjazie fomu, eti miwani ameisahau nyumbani. Hakuwa na miwani, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja.

Walikubaliana dakika ishirini kila asubuhi, kabla ya hesabu, Ardis na Tove peke yao. Corinne alimpeleka pia kwa mtaalamu wa matatizo ya kusoma mjini Fargo, naye akasema kuna watoto wengi wa namna hiyo, dawa yao ni mazoezi na uvumilivu. Siku ya kwanza Tove alilia, maana siri ilikuwa imetoka. Alisema herufi hazikai mahali pamoja.

"Basi tutazikamata moja moja," bibi yake akamwambia. "Ziko ishirini na sita tu, na mimi sina safari."

Ardis alimwaga unga kwenye sinia. Tove aliandika herufi kwa kidole, akatamka sauti yake, akafuta. Mwezi wa kwanza alikataa kuingia siku nne mfululizo. Bibi hakumfuata. Alikaa dakika ishirini zote na sinia mapajani, mlango wazi. Siku ya tano Tove aliingia, akauliza kama anaruhusiwa kukaa sakafuni.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne palikuwa na pakiti ya mbegu za karoti mezani. Tove aliivuta, akaanza kusoma maelezo ya nyuma, kidole chini ya kila neno. "Mwa... gilia... kila siku... mpaka..." Hapo akakwama. Marit alifungua kinywa, Bibi akamgusa kifundo cha mguu kwa fimbo yake ya kutembelea. Verlyn alikuwa amesimama na kofia mkononi, trekta inanguruma nje. Corinne aligeukia jiko, akakoroga sufuria tupu.

"Zichipue," Tove akasema. Akairudisha pakiti, akamwuliza baba yake mbona hajaenda shambani.

Mwezi wa tano Ardis alirudi kwake, na Tove hupelekwa huko Jumanne na Alhamisi. Bado anasoma polepole, na nadhani atasoma hivyo maisha yake yote. Wiki iliyopita alikuja kwangu kuleta mayai, akaona gazeti mezani, akaketi bila kukaribishwa. Chai yangu ilipoa akiwa bado kwenye safu ya kwanza, na sikumharakisha.