Vishikio Ishirini na Nne

Waliosema hasira hasara walisema kweli, lakini sidhani kama hata mmoja wao aliwahi kuondoka nyumbani kwake siku tatu, akarudi, akakuta kabati lake limepakwa rangi nyeupe bila kuulizwa. Mama Vifungo yalimkuta hayo. Na ukitaka kujua kwa nini mwanamke wa miaka sitini na tatu, mwepesi wa kucheka na asiyegombana na jirani, alirusha mkoba wake ukutani mbele ya mwanawe na mkamwana wake, itabidi kwanza ulijue kabati lenyewe, maana ugomvi wote ulitoka humo.

Jina la Mama Vifungo alilipata kiwandani. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutia vifungo kwenye mashati ya wanaume, saba mbele na viwili mikononi, siku nenda siku rudi, mpaka akawa anaota vifungo. Kiwanda kilipofungwa wenzake walilia. Yeye alitukana. Aliwatukana wenye kiwanda mmoja baada ya mwingine, akachukua mkasi wake, akaenda kuanza kazi yake nyumbani: foronya za mito na vitandiko vya viraka, vyote vimepambwa kwa vifungo na shanga. Mwenye duka la mapazia alivipenda, akawa anapita kila mwisho wa mwezi kuvichukua.

Shida ilikuwa vikorokoro. Mtu mwenye kazi hiyo hana nyumba, ana ghala. Nyuzi zilikaa kwenye makopo ya maziwa, zipu ndani ya soksi, shanga kwenye chupa za dawa, na vifungo kila mahali mpaka kwenye sukari. Siku moja mwanawe alikuja kunywa chai, akakohoa, akatema kifungo cha koti.

"Mama," alisema, "wewe utatuua."

Ndipo alipokwenda kwa Miguu Mitatu, muuza samani kuukuu wa mtaa ule, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kununua kwake kiti chenye miguu minne. Nyuma kabisa ya banda lake, chini ya magodoro, palikuwa na kabati lililotoka kwenye duka la vipuri vya magari. Lilikuwa refu kama mtu, lina droo ndogo ndogo ishirini na nne, limejaa grisi, na halikuwa na kishikio hata kimoja.

"Hilo siuzi," Miguu Mitatu alisema. "Naona haya kuliuza."

"Haya umeanza lini kuijua?"

"Mama, halifunguki lile. Utalifungua kwa meno?"

"Meno ninayo. Nipe watu wa kulibeba."

Alilisugua kwa sabuni na maji ya moto siku mbili nzima. Akalipiga msasa, akaziweka droo juani, akazirudisha. Harufu ya grisi ikatoka kwenye droo zote isipokuwa moja ya chini, ambayo mpaka leo ukiifungua unadhani kuna gari limeharibika jirani. Vishikio vya dukani hakuvitaka, alisema vinafanana kama mashati ya kiwandani. Akatumia alivyokuwa navyo. Droo ya shanga aliitia kijiko cha chai kilichopindwa. Ya zipu aliitia ufunguo wa nyumba waliyokuwa wamepanga zamani. Ya nyuzi, kigogo cha mbao kilichokwisha uzi. Ya tepe, bizimu ya mkanda wa marehemu mumewe. Ya chaki, kisigino cha kiatu. Ya vifungo vyeupe, ambayo ndiyo aliyoifungua kuliko zote, aliitia mkono wa kikombe kilichovunjika, akaukaza kwa waya. Na kadhalika mpaka ishirini na nne, na hapakuwa na viwili vilivyofanana.

Mkamwana wake alipoliona mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Mama Vifungo alicheka naye. Wakati ule macho yake yalikuwa bado mazima.

Mwaka wa tatu ukaja ukungu. Mwanzoni alidhani ni miwani michafu, akaifuta. Kisha akadhani ni balbu, akabadilisha balbu. Mwishowe akaenda kwa daktari wa macho peke yake, akamwambia mwanawe anakwenda sokoni. Daktari hakuzunguka mbuyu: jicho la kulia limekwisha kwenda, la kushoto linafuata polepole. Mama Vifungo alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akakasirika. Aliyakasirikia macho yake kama mtu anavyomkasirikia mfanyakazi aliyeacha kazi bila kuaga.

Lakini mikono haikuacha kazi. Vidole vilikuwa vimeshalijua kabati kuliko macho yalivyowahi kulijua. Kijiko, shanga. Ufunguo, zipu. Mkono wa kikombe, vifungo vyeupe. Kwenye droo ya nyuzi alifunga mafundo, fundo moja kwa nyekundu, mawili kwa buluu, matatu kwa nyeusi. Sindano alizitunga uzi asubuhi, ishirini kwa mkupuo, pale dirishani penye mwanga, akisaidiwa na ncha ya ulimi, akazichomeka kwenye kimto chake tayari kwa kazi ya siku. Mwenye duka la mapazia aliendelea kuja, na hakuwahi kurudisha hata foronya moja.

Hakumwambia mtu. Si aibu iliyomziba mdomo. Ni dada yake.

Dada yake mkubwa alikuwa mfumaji wa masweta, na miguu ilipoanza kumsumbua wanawe walimchukua kwa mapenzi yote. Wakampa chumba, kiti kizuri cha mito, na televisheni. Wakamwambia apumzike. Sindano zake za kufumia wakaziweka juu ya kabati la nguo, watoto wasije wakajichoma. Huko ndiko Mama Vifungo alikokwenda kukaa siku tatu.

"Wananipenda sana," dada yake alimwambia, mikono imelala mapajani. "Hata chupa ya chai hawaniachi niinue."

Mama Vifungo alirudi njia nzima akiwa amekunja ngumi. Mwanawe mwenyewe alikuwa ameshamwahidi hayo hayo, tena akitabasamu: "Siku utakayoshindwa kujitazama, mama, unahamia kwetu. Sitaki kusikia neno."

Akafika kwake ghorofa ya kwanza, akakuta mlango uko wazi na ngazi nzima inanuka rangi.

"Fumba macho, mama!" mkamwana wake alimpokea mlangoni, akamshika mkono, akamwingiza ndani. "Bado, bado... haya, fumbua!"

Alifumbua. Aliona kitu kirefu cheupe pale lilipokuwa kabati lake. Akasogea, akanyoosha mkono. Vidole vikagusa kitufe cha chuma, cha mviringo, kidogo, cha baridi. Akagusa cha pili. Cha mviringo, kidogo, cha baridi. Akapapasa safu nzima, kisha safu ya chini yake.

"Vishikio vyangu viko wapi?"

"Yale makorokoro?" Mwanawe alikuwa amesimama dirishani, mikono imejaa madoa meupe, furaha tele. "Tumetupa. Sasa na wewe una kabati la watu."

"Na droo tumezipanga upya kwa alfabeti," mkamwana akadakia. "Nimebandika na karatasi, kila droo imeandikwa kilichomo. Huhangaiki tena."

Hapo Mama Vifungo alijikaza, na nataka hilo lijulikane. Alimeza mate, akasema ahsante. Nia yake ilikuwa wanywe chai waende zao, halafu ajifungie na lile jini jeupe, alifungue droo baada ya droo mpaka alijue upya, hata kama ni mwezi mzima. Angeweza. Siri ingebaki siri.

Lakini mkamwana alikuwa na jambo moja tena. "Utuzindulie sasa! Kifungo cha blauzi yangu kimekatika. Nitafutie cheupe."

Mama Vifungo akapeleka mkono pale ulipokuwa mkono wa kikombe, safu ya tatu kushoto. Akavuta. Nyuzi. Akafunga haraka, akavuta ya pembeni, akaingiza vidole, akachomwa na sindano za mashine.

"Mama, si imeandikwa?" mwanawe akacheka. "Soma tu."

Akainama. Pua ilikaribia kugusa karatasi. Mbele yake palikuwa na weupe juu ya weupe, basi. Akakisia.

"Vifungo," alisema, akavuta.

Zilikuwa chaki.

Mkoba ukaenda ukutani. "Nani aliwaomba?" alipiga kelele, mpaka mlango wa jirani ukafunguka. "Eh? Nani kati yenu nilimwita nikamwambia kabati langu linaumwa? Nimewapa ufunguo wa dharura, nyumba ikiungua! Nyumba imeungua? Mnaingia, mnavua vitu vyangu kama mnanyonyoa kuku, mnatupa! Mnapanga! Mimi nimekuja kwenu lini nikapanga masufuria yenu?"

"Siku tatu tumepinda mgongo hapa!" Mwanawe naye alipandisha sauti. "Siku tatu, mama! Kweli asante ya punda ni mateke!"

"Punda ni nani?"

Mwanawe akafunga mdomo, amechelewa.

"Nimekuuliza, punda ni nani humu ndani?"

Mkamwana alikuwa ameinama kwenye kabati. Alikuwa anaitazama ile karatasi ya chaki, aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi nyingine.

"Mama," alisema polepole, "hii imeandikwa nini?"

"Usinipe mtihani nyumbani kwangu."

"Mama. Imeandikwa nini?"

"Sijui!" Sauti ilimtoka ikiwa imepasuka. "Sijui, sijui, sijui! Sioni! Moja limekwenda na la pili linakwenda! Vile mlivyotupa ndivyo vilivyokuwa macho yangu. Mmeridhika? Haya, nichukueni basi. Kaniwekeeni kiti cha mito. Na sindano zangu mziweke juu, nisije nikajichoma."

Jirani alifunga mlango wake taratibu.

"Tangu lini?" mwanawe aliuliza.

"Tangu ulipoanza kuzila foronya zangu kwa macho na kusema, mama, safari hii umejipita. Zote hizo nilizishona hivi hivi, sioni."

Mwanawe alikaa kwenye kiti cha cherehani, pale pale dirishani, akajishika kichwa. Alipokiinua alisema lile ambalo Mama Vifungo alijua atalisema. "Basi unahamia kwetu. Leo hii. Utaunguza nyumba, mama."

Mkamwana alitoka. Hakuaga. Walimsikia akishuka ngazi mbio, kisha kelele za mapipa ya taka uani. Aliporudi alikuwa amebeba mfuko uliopasuka, na mikono yake imejaa maganda na rangi hadi viwikoni. Akaumimina sakafuni. Vikalia: kijiko, ufunguo, bizimu. Akatafuta bisibisi, akapiga magoti.

"Nipe cha kwanza," alisema. "Niambie ni cha nini."

Mama Vifungo alisimama kitambo akiwa amemkasirikia. Nisikudanganye, hakumsamehe jioni ile, wala hakujifanya kumsamehe. Lakini alipiga magoti naye, akapapasa sakafu, akaokota. "Hiki shanga. Si hapo, kulia zaidi. Huu zipu. Kaza! Unakaza kama unaogopa kumwamsha mtu." Mkamwana alisoma karatasi zake, akahamisha vitu, akabandua karatasi, akakaza. Mwanawe aliondoka dirishani, akaenda kusimama mlangoni, amekunja mikono. Vishikio ishirini na kimoja vilirudi mahali pake. Kisigino hakikupatikana, na vingine viwili.

"Kesho nitavitafuta," mkamwana alisema.

"Utavitafuta," Mama Vifungo alijibu.

Mkono wa kikombe ndio uliokuwa wa mwisho. Alisubiri waya ukazwe, akauvuta. Kidole gumba kikapita juu ya vifungo, kikaacha vya matundu mawili, kikaacha vikubwa, kikachagua kimoja. Akachomoa sindano kwenye kimto. Akamvuta mkamwana kwa ukosi wa blauzi mpaka mwangani, akatafuta pengo kwa ncha ya kidole, akaanza kushona, blauzi ikiwa mwilini. Mkamwana alizuia pumzi. Sindano iliingia na kutoka, na haikumgusa ngozi hata mara moja.

"Kabati hili likihama, nahama nalo," Mama Vifungo alisema akiwa anashona. Safari hii alikuwa anasema na mwanawe. "Na kabati halihami. Kama unataka kunisaidia, njoo Jumamosi unibandulie hiyo rangi yako, inateleza. Nyumba ni yangu, kazi ni yangu, na upofu ni wangu. Umenisikia?"

Akakata uzi kwa meno. Uso wake ulikuwa bado umewaka hasira, na ulikuwa umeelekea dirishani, pale mwanawe alipokuwa amesimama mwanzo. Dirishani hapakuwa na mtu.

Mwanawe, pale mlangoni, aliutazama uso ule ukimkemea mahali asipokuwepo. Alivua viatu. Akavuka chumba kwa soksi, akapita nyuma ya cherehani bila kugusa kitu, akaenda kusimama dirishani, mbele ya macho ya mama yake.

"Nimekusikia, mama," alisema.