Uzi Ukikaza

Mtaa mzima ulimwita mjomba wangu Mguu wa Chuma, kwa sababu pedali ya cherehani yake haikujua Jumapili. Mguu huo wa kulia ndio ulionilea baada ya mama yangu, dada yake, kufariki. Sasa ndio uliokuwa ukifa.

Daktari alisema mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba. Mjomba akaacha sigara siku hiyohiyo, kwa matusi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo mwenye sauti ya kijeshi, akampa dawa isiyouzwa dukani: "Tembea mpaka shavu la mguu likuume kwelikweli. Pumzika lipoe, kisha tembea tena. Hivyo damu itajitafutia njia nyingine."

Kila asubuhi nilimwona akienda mpaka kwa kinyozi, anasimama, anarudi. Nikajipa moyo. Miezi ikapita, na mlango wa kinyozi hakuwahi kuuvuka.

Siku ya kliniki, mtaalamu alimfuata nyuma kwenye korido. Mjomba akasimama kabla ya dirisha la dawa.

"Inauma sana, mzee wangu?"

"Bado. Inataka kuanza."

"Na nyumbani unasimama ikitaka kuanza?"

"Sasa je! Uzi ukikaza, unasimamisha mashine. Ukilazimisha, unakatika. Mimi si fundi wa jana."

Nilitamani kulia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja. Miezi yote hiyo mbishi huyu alikuwa akiukinga mguu dhidi ya dawa yake!

"Mguu si uzi, mzee," binti alisema taratibu. "Hayo maumivu ndiyo kazi yenyewe."

Mjomba akavua koti. "Basi leo natembea mpaka nilie."

"Kwanza vua soksi nikague nyayo."

Siku zote alilikwepa hilo kwa mizaha. Safari hii alivua. Katikati ya vidole palikuwa na kidonda cheusi.

"Kiatu tu kimenibana," alisema.

Binti aliinuka upesi. Alikwenda kumwita daktari, naye daktari akasema nyama imeshaanza kufa, kutembea basi. Kesho watajaribu kuzibua mishipa, ikishindikana, watakata.

"Lakini nimeshaelewa!" Mjomba alimshika mkono. "Nitatembea, daktari. Nimeshaelewa!"

Maji yalikuwa yameshamwagika. Sikuweza kumtazama.

Jioni ile nyumbani hakukubali kulala. Kulikuwa na suruali ya mteja haijaisha. Akavuta kiti pembeni, mguu akauweka juu ya mto.

"Njoo ukanyage wewe, mama. Mimi nitashika kitambaa."

Nilikanyaga. Mshono ukaenda vizuri mpaka gotini, kisha nikasikia uzi unakaza. Nikasimamisha mashine, kama alivyonifundisha tangu utotoni.

Mjomba akapiga meza kwa kiganja, machozi yakimtiririka.

"Nani kakwambia usimame?"