Sauti ya Mama kwa Lafudhi Nyingine

Binamu yangu, mtoto wa ndugu mkubwa wa baba, alikuja likizo kutoka ng'ambo na vichupa viwili vya plastiki. "Tunatema mate humu," akasema, "halafu wanatuambia mababu zetu walitoka wapi." Tulitema tukicheka, jikoni kwangu Riruta, naye akaondoka na vichupa vyote.

Majibu yalinifikia kwenye simu nikiwa kazini mjini. Ramani ya mababu sikuijali sana. Chini yake walionyeshwa jamaa zangu waliopimwa. Binamu yangu alikuwepo, tukichangia karibu sehemu moja kwa nane ya DNA, kama ilivyo kawaida ya mabinamu. Lakini juu yake alikuwa mwanamke nisiyemjua. Robo nzima ya DNA yangu alikuwa nayo pia. Huenda ni dada yako wa mzazi mmoja, simu iliandika.

Mimi ni mtoto wa pekee. Nilisoma kwamba robo inaweza pia kuwa shangazi au hata nyanya, lakini picha ilionyesha mtu wa rika langu, mwenye paji la uso kama langu. Niliizima simu, nikaiwasha tena. Bado alikuwa ananitazama.

Jumapili baada ya kanisa nilienda Uthiru kwa baba. Tangu mama afariki, anaishi peke yake na kuku zake.

"Baba, uko na mtoto mwingine mahali?"

Alicheka, kisha akaona sicheki. "Mbele ya Mungu, ni wewe tu."

Sikumwamini. Ni binamu yangu aliyemtetea kwa simu. "Huyo mwanamke hachangii chochote na mimi," akasema. "Angekuwa wa baba yako, angekuwa binamu yangu pia, na ingeonekana. Huyo ni wa upande wa mama yako."

Basi nikaanza kumwazia mama mambo ambayo mtu hapendi kumwazia marehemu. Mwishowe nilimwandikia yule mwanamke. Alijibu siku hiyo hiyo. Familia yao ilitoka magharibi mwa nchi, na yeye anakaa hapa hapa mjini, karibu na Adams Arcade. Nilipomuuliza kama alilelewa na watu wengine, alinipigia.

"Hapana. Mama yangu ndiye alinizaa, na yuko hai, niko naye hapa nyumbani. Nitakuja naye akuambie mwenyewe."

Nilifika mapema kwenye mkahawa tuliokubaliana, nikakaa nikiwa nimeupa mlango mgongo. Mchana ulikuwa mwangavu, watu wanakula chipsi. Kisha nyuma yangu mtu akakohoa, vikohozi viwili vifupi, vile vya mama kabla ya kuingia chumba chochote. Nikageuka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkoba umebanwa kwapani. Alikuwa mzee kidogo kuliko nilivyomzika. Macho yake yalipita usoni pangu yakaendelea kutafuta, kwa sababu hakunijua. Hilo ndilo lililonivunja. Binti yake, yule wa kwenye picha, akamwonyesha meza yangu.

"Habari yako, mwanangu," akasema. Sauti ilikuwa ya mama, ile ile yenye mkwaruzo, lakini ilitoka na lafudhi ya magharibi, na mama yangu alizaliwa na kuzeekea Uthiru.

Nilimpa simu yangu yenye picha ya mama. Aliitazama, akagusa shavu lake mwenyewe, akaketi bila kuvuta kiti vizuri.

Mama yangu alilelewa na mwanamke aliyemchukua akiwa mchanga kutoka hospitali ya misheni, baada ya aliyemzaa kufariki akijifungua. Hilo tulilijua siku zote. Huyu naye, alivyonisimulia, alichukuliwa hivyo hivyo kutoka hospitali hiyo hiyo, na muuguzi aliyerudi kwao magharibi. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba walikuwa wawili. Walikuwa mapacha wa kufanana, na mapacha wa namna hiyo wana DNA moja, hivyo watoto wao kwa kipimo huonekana kama waliochangia mzazi.

"Alikufa na nini?" akauliza.

"Presha. Alianguka jikoni."

Akasukuma kando kikombe chake. "Mimi pia ninayo," akasema polepole. Binti yake akamshika mkono, nami nikaangalia mikono hiyo, kucha zile fupi pana kama za mama, nikaona ninatamani kuishika pia na ninaogopa.

Hatujui ni nani aliyetangulia kuzaliwa, kwa hivyo sijui kama ni mama mkubwa au mama mdogo. "Niite tu mama," alinisihi tulipoagana. Nilijaribu, nikaishia kusema kwaheri tu.

Baba alitaka kumwona. Nilimweleza yote mapema, lakini yule mama alipoingia langoni, baba aliinuka, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akainamisha macho.

"Sema kitu," akamwambia.

"Poleni sana na msiba, shemeji."

Baba alifumba macho akisikiliza mpaka maneno yakaisha. "Si yeye," akaniambia, kana kwamba nilikuwa nimebisha.

Sasa yule mama huja kila mara. Huleta mboga, huketi na baba uani, na baba humwita shemeji kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, karibu kila sentensi. Hajawahi kumruhusu aingie jikoni.