Siku Tuliyotikisika Mbele ya Bendera

Mwaka ule shule yetu pale Kalemie ilikuwa na nyuki kuliko wanafunzi. Walikaa juu ya dari la kalasi yangu, kalasi ya pili, wakiimba mchana kutwa, nami nikifundisha kujumlisha kwa kupiga kelele. Tuliwafukiza moshi. Walihama kidogo, halafu wakarudi na jamaa zao wote. Basi tukazoea, kama tulivyozoea upepo wa ziwa na treni isiyofika.

Halafu siku moja ya salongo, ile kazi ya bure ya kufyeka majani, nyuki akamuuma mtoto wa kalasi yangu shingoni. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye adabu za kupita kiasi. Mama yake aliuza mikate ng'ambo ya mlango wa shule. Mbele ya macho yetu uso ulivimba, midomo ikawa ya mtu mwingine, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Na sisi walimu? Tulikimbia huku na huku tu! Mmoja alileta mafuta ya mawese amnyweshe, mwingine maziwa, wa tatu akawa anauliza nani amemuroga. Mpita njia mwenye baiskeli ndiye aliyembeba mpaka hospitali, naye akapona kwa bahati tupu.

Mama yake alikuja kusimama mlangoni kwa direkta, mkubwa wa shule yetu, unga ungali mikononi.

"Papa Direkta, mimi niko na huyu mumoja tu. Kama hamuwezi kumuchunga, muniambie leo, nimukalishe kando yangu auze mikate."

Direkta, mwanaume wa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata siku za mvua, akaanza kunyoosha kola yake. Mama nilimjibu mimi, maana kunyamaza sikujaliwa. "Mama, utuachie mutoto. Tutajifunza."

"Akiumwa tena, nanyi mukakimbia-kimbia tena, namutoa," alisema, akarudi kwenye beseni lake.

Direkta akaomba msaada hospitalini, wakatuletea muganga kijana, viatu vinang'aa, anayependa sauti yake mwenyewe. Lakini alijua kazi, siwezi kumnyima. Alisema kuna watu miili yao inamchukia nyuki, au karanga, au samaki, mpaka inapigana naye kwa kujikaba yenyewe. "Njo alerji," alisema. "Si ulozi. Hakuna mawese, hakuna maziwa." Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe, pumzi ikimshinda, mgongo uegemezwe kidogo, asisimamishwe kabisa. Achomwe sindano ya adrenalini pajani, hata juu ya nguo, kisha hospitali haraka.

Alitaka mtu wa kujifanya mgonjwa. Wote wakanigeukia mimi.

"Kwa nini mimi?"

"Mama, tukiweza kukuinua wewe," alisema mwalimu wa michezo, "hakuna mutoto atakayetushinda."

Nililala kwenye mkeka na kikwembe changu kizuri kiunoni, yeye akanipandisha miguu juu ya benchi huku anahema. Nikamwambia hii njo mara ya mwisho ananishika miguu bila kuleta mahari. Muganga mwenyewe alicheka hadi akapoteza maneno. Tulichoma machungwa sindano mpaka yakavuja.

"Kitu kimoja," muganga alisema akifunga mkoba. "Musingoje ruhusa ya muntu."

Direkta akakohoa. "Isipokuwa yangu." Dawa aliyotuachia muganga ikafungiwa kabatini ofisini mwake, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa abakosti.

Sasa, wakati ule wa Zaire, bendera ikipanda hakuna kutikisika. Hata mpita njia mwenye mzigo kichwani alisimama palepale. Aliyejikuna angeitwa kujieleza. Watoto wetu walijua kusimama wima kabla ya kujua a-e-i-o-u.

Asubuhi moja mwalimu wa michezo anavuta kamba, wimbo wa taifa umepamba moto, nikaona nyuki anatoka kwenye kola ya yule msichana. Mtoto hakujipiga. Hakulia. Alisimama mikono imebana mapaja, macho kwenye bendera, na midomo ikaanza kuvimba. Niliwatazama wenzangu. Walikuwa wameona pia. Macho yao tu ndiyo yalikuwa yanakimbia. Walimu wote tuliofundishwa, tumegeuka miti! Tulikuwa tunangoja wimbo uishe.

Hasira ilinipanda, sijui kwa nani. Nikatoka mstarini.

"Mulaze mutoto!" nilipiga kelele, nikamwendea direkta. Yeye, bila kugeuza shingo, bila kuacha kuimba, alirudisha mkono nyuma, ufunguo unaning'inia kidoleni. Mwalimu wa michezo aliachia kamba, bendera ikashuka kama nguo iliyoteleza kwenye kamba ya kuanikia. Baadaye mtu wa chama tawala alikuja kuuliza nani aliishusha. Direkta alimjibu ni upepo wa ziwa.

Niliporudi na dawa, mtoto alikuwa ameegemea kifua cha mwalimu mmoja, miguu juu ya magoti ya mwalimu wa michezo. Nilimchoma pajani juu ya sketi ya buluu, na mwalimu mwingine akakimbia kutafuta baiskeli ya kumpeleka hospitali. Nilikuwa naogopa, tena sana. Mama yake alifika mbio, beseni kalitupa barabarani, akapiga magoti, akinitazama mimi.

Na watoto waliendelea kuimba! Hakuna aliyewaambia waache. Wimbo ulipoisha direkta akauanzisha upya, ili wasigeuke kutazama. Waliimba shule nzima, wima, mbele ya mlingoti mtupu, nasi tukisikiliza filimbi ile ya pumzi ikipungua kidogo kidogo.

Waliponyamaza, msichana alifungua macho.

"Mwalimu," alisema, sauti inakwaruza, "wimbo umeisha?"

"Umeisha, mama."

"Sasa naweza kutikisika?"

Hapo ndipo nilipoona. Muda wote ule tukimlaza, tukimchoma, mikono yake ilikuwa bado imebana mapaja. Kabla sijamjibu, direkta alikuja, akapiga magoti vumbini na abakosti yake.

"Tikisika, mama," alimwambia. "Tikisika unavyotaka."

Mtoto alimtazama kwanza kama anasema kweli. Kisha akainua mkono polepole, akajikuna shingo.

"Basi atabaki," alisema mama yake.