Batoto na Watoto

Mwaka ule wa vita, familia kutoka upande wa Mulongo zilifika Kamina kwa miguu, nasi tukawapa madarasa walale. Mimi na mume wangu tulikuwa walimu hapo, tumeoana juzijuzi tu. Yeye mwana wa karani wa kanisa, Mluba wa hapa hapa. Mimi binti wa askari wa kambini, na Kiswahili changu nilipewa na mama, mtu wa Uvira.

Wamisionari walipoondoka waliacha kompyuta moja, na sahani ya jua ya kuipa umeme. Mume wangu aliipenda mashine ile kuliko chakula. Akaamua iwe inagawa unga wa uji: unaipa kiasi cha unga uliopo na idadi ya watoto wa siku hiyo, inakuambia kila mtoto apate vikombe vingapi.

"Lakini kichwa yako inatosha," nilimwambia.

"Kichwa yangu inachoka, mama. Mashine haichoke."

Alitunga nusu ya kwanza ya programu. Nusu ya pili, yenye kugawanya, alinitajia kwa mdomo nami nikaandika, maana nilikuwa na vidole vyepesi. Tukaiendesha. Mashine ikakataa: haiwezi kugawanya kwa sifuri.

"Zero?" Alisimama akachungulia dirishani. Uwanja mzima ulikuwa umejaa watoto, wanapiga kelele. "Zero ya wapi?"

Mashine hiyo ilikuwa na tabia moja: ukiitajia jina la hesabu fulani ambalo hujalipa thamani, hainung'uniki, inalihesabu kuwa sifuri. Basi akaanza kuihoji kwa amri ya PRINT, ambayo huionyesha skrinini thamani iliyomo. Akauliza unga: ukatokea sawasawa. Akauliza batoto: wakatokea wote. Tukaendesha tena. Sifuri.

"Unisomee ule mustari wa kugawanya," alisema.

"Unga kugawanya kwa watoto."

"Iko muzuri."

Tuliusoma mara nyingi, kila mara ukawa mzuri. Mpishi akaja mlangoni kuuliza kama aendelee kungoja. Mume wangu akamwomba subira kwa sauti ya upole hata nikamhurumia.

Mwishowe akaniambia niweke PRINT juu kidogo ya mstari ule, na nirudie jina lile herufi kwa herufi. Nikaandika WATOTO. Ikatokea sifuri.

Tukatazamana. Kule juu yeye alikuwa ameandika BATOTO.

"Njo weye!" alisema, yaani ndiwe mwenye kosa, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Minyi nasema batoto, weye unaandika ya Uvira!"

"Na masikio yako je? Nimekusomea asubuhi nzima!"

Nilitaka kufuta langu. Akanishika mkono. "Hapana, acha. Nitabadilisha yangu." Akabadilisha kila mahali, taratibu, kwa kidole kimoja. Jibu lilipotoka, uji ulikuwa umekwisha kunywewa. Mpishi aligawa kwa jicho lake, na haukupungua.

Tuliitumia programu ile majuma machache. Kisha zahanati ikahitaji sahani ya jua kwa redio yake, nasi tukaitoa bila ubishi. Mume wangu akawa anapiga hesabu ya kugawa kwa chaki kwenye mlango wa jiko, akinung'unika, na mimi nilizoea kupita hapo bila shughuli yoyote, nimsikilize tu.